Mboga za Hayawahusu: nilivyompunguza mbwa wangu uzito

Mbwa wangu anaitwa Hayawahusu. Jina nililikuta, aliyenipa alikuwa na ugomvi na majirani zake, mimi nikarithi mbwa pamoja na fumbo. Ni jike, chotara wa mbwa wa kienyeji na German Shepherd, mlinzi hodari, na baada ya kufungwa kizazi alianza kunenepa. Hilo ni la kawaida: jike akishafungwa, mahitaji yake ya chakula hushuka huku hamu ya kula ikipanda. Na hapa kwetu Morogoro chakula cha mbwa ni ugali wa dona na dagaa, sahani ijae.

Daktari wa mifugo alimpandisha kwenye mizani, ikasoma kilo 34. Akapapasa mbavu, hakuzipata. "Huyu alitakiwa awe na 27 au 28," akasema. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Nyumbani kuna mparachichi?"

Upo, mkubwa, nyuma ya banda. Msimu ukifika parachichi zinadondoka usiku kucha, na asubuhi tunakuta maganda yametapakaa. Siku zote tulikuwa tunawasingizia popo. Kumbe mlinzi wetu akifunguliwa usiku anakwenda kula kitu chenye kalori kama 160 kwa kila gramu 100. Watu husema parachichi ni sumu kwa mbwa. Ukweli ni kwamba ile sumu yake, persini, huwaumiza zaidi mbuzi, farasi na ndege. Mbwa anaivumilia vizuri kuliko hao. Kwa mbwa shida ni mafuta, ambayo yanaweza kumchokoza kongosho, na lile kokwa, ambalo likimezwa linaweza kuziba utumbo. Basi ikawa kabla ya kumfungulia jioni, watoto wanapita chini ya mti na ndoo. (Kama unafuga mbuzi, na majani ya mparachichi usiwape.)

Ukabaki ugali. Kupunguza ugali ni rahisi kusema, lakini mbwa aliyezoea sahani kubwa atakaa mlangoni mwa jiko akikutazama mpaka ukose raha kwenye nyumba yako mwenyewe. Daktari akanishauri: dagaa zibaki kama zilivyo, nusu ya ugali itoke, na nafasi yake ijazwe na mboga za kuchemsha. Boga lililochemshwa lina kama kalori 20 kwa gramu 100, maharage ya kijani kama 35, ilhali ugali mgumu unapita 100. Tumbo linajaa, hesabu inashuka. Alisisitiza kwamba mboga ni za kujazia tu, kwa sababu mbwa anaishi kwa protini na mafuta. Hata vitamini C, ambayo sisi tunaifuata kwenye mboga na matunda, mwili wake unajitengenezea wenyewe.

Sasa kitunguu. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipokuwa, kwa sababu nyumba yetu kama nyumba nyingine za Kitanzania, mboga haiivi bila kitunguu. Mchicha wa nazi, maharage, rosti, mchuzi wa dagaa, vyote vinaanzia kwenye mafuta na kitunguu. Na kitunguu, kibichi au kilichoiva, maji au swaumu, kinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Moto hauiondoi sumu hiyo. Kitunguu kikikaushwa na kusagwa unga ndiyo kinakuwa kikali zaidi kwa uzito ule ule, na swaumu ni kali kuliko kitunguu maji. Madaktari wana kipimo: kiasi kinachozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wa mbwa kwa kawaida kinamdhuru. Mbwa wa kilo 25, hiyo ni gramu 125, yaani kitunguu kimoja cha wastani. Kidogo kidogo kila siku nacho kinajumlishana. Na baya zaidi, dalili hazionekani palepale. Zinaweza kuchukua siku kadhaa: mbwa analegea, anahema haraka, fizi zinapauka, mkojo unakuwa kama chai ya rangi.

Nilipomweleza mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama Neema, mbwa wetu kule Mgeta walikula makombo wakazeeka."

Sikumbishia, maana ni kweli. Mbwa wa shambani alipata ukoko wa ugali na maji ya kuoshea sufuria. Kitunguu chenyewe kilikuwa haba hata kwa watu. Nikamwambia, "Ni kweli mama, lakini huyu wa mjini anapewa rosti iliyobaki, sahani nzima." Akanyamaza. Kwake kunyamaza ni nusu ya kukubali.

Nilijua pia kwamba orodha ndefu ya hiki ndiyo, hiki hapana, ukibandika jikoni hakuna atakayeisoma. Kwa hiyo dada anayetusaidia kazi, watoto, mama na baba Neema niliwapa sheria moja: kilichopita kwenye kikaango, mbwa hali. Sufuria yake inatangulia. Asubuhi jiko la mkaa likishawaka, kabla kitunguu hakijakatwa, ile sufuria ndogo isiyo na mfuniko inabandikwa: dagaa zilizooshwa maji ya moto mpaka chumvi na mchanga vitoke, vipande vya boga, maharage ya kijani yaliyokatwa mafupi kama kucha, maji yafunike. Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna kiungo. Boga likianza kupondeka kwa mwiko, tunaipua, tunaacha ipoe, tunachanganya na bonge dogo la ugali. Supu haimwagwi.

Boga ndilo mfalme wa sufuria ile. Lina nyuzi laini, linamtuliza tumbo, na linakaa stoo wiki nyingi bila kuoza. Karoti anazipenda kuliko nyama, sijui kwa nini. Mbichi nampa kipande kirefu atafune kama zawadi, lakini ukitaka apate faida yake, chemsha. Ukimpa mbichi iliyokatwakatwa, kesho yake unaviona vipande vimetoka upande wa pili na kona zake zote. Viazi vitamu vilivyochemshwa ni salama pia, ila vina wanga mwingi, na sisi tulikuwa tunapunguza mwili, kwa hiyo vilikaa pembeni. Njegere anakula, tango anakula likimenywa. Kabichi ni salama. Tuliijaribu, na usiku ule aliachwa nje na hewa yake.

Mchicha na spinachi nampa kwa nadra, kiganja kimoja kilichochemshwa na maji yake kumwagwa, kwa sababu ya oksaleti, kemikali ya majani hayo inayoweza kujenga vijiwe kwenye njia ya mkojo. Nyanya iliyoiva vizuri haina neno. Ile ya kijani, pamoja na majani na shina lake, hapana. Viazi mviringo vibichi au vilivyogeuka kijani, hapana. Maharage makavu lazima yachemke sawasawa mpaka yaive, hasa yale mekundu.

Muhogo nilikuwa na wasiwasi nao zaidi, kwa sababu tunakula muhogo mara nyingi na maganda yalikuwa yanatupwa shimoni, wazi. Sumu ya sianidi kwenye muhogo hujaa zaidi kwenye ganda na majani, na mbwa haulizi. Siku hizi maganda yanafukiwa. Kisamvu chetu kinapikwa kwa nazi na kitunguu, kwa hiyo sheria ya kikaango inakikamata bila mjadala. Kitu kingine ni gunzi. Mbwa wa jirani alipasuliwa tumbo kwa ajili ya gunzi la mahindi ya kuchoma lililokwama kwenye utumbo, na bili yake ingenunua mbuzi. Gunzi halisagiki tumboni, wala halionekani vizuri kwenye picha ya eksirei. Watoto nimewaambia gunzi linaishia kwenye ndoo yenye mfuniko.

Gharama haikuwa kubwa. Mboga za Mgeta zinashuka kutoka Uluguru kila siku, na jioni pale sokoni wauzaji wanakusanya karoti zilizopinda na kuvunjika kwenye mafungu ya bei ya kutupa. Hizo ndizo zake. Hata hivyo siku moja mama mkwe alichungulia sufuria mbili, akatazama yetu, akatazama ile ndogo, akaniita. "Mama Neema, mbwa karoti, mimi kabichi?"

Kuna walioniambia mbwa ni mla nyama, mboga namtesa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kimeng'enya cha kusaga wanga kuliko mbwa mwitu wa ukoo wake. Amekaa na binadamu, amezoea vya binadamu. Ugali anaumudu, na boga analimudu. Asichokiweza ni viungo vyetu.

Shughuli za mtaani zinahitaji mpango wake. Harusi au arobaini ikipita jirani, kila mgeni mwenye huruma anamrushia mbwa pilau, na pilau ni vitunguu, swaumu, na kwa wenzetu wa pwani mara nyingine zabibu kavu, ambazo zinaweza kumuua mbwa figo na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Siku hizo anashinda bandani na karoti zake. Ikitokea amekula, nampigia daktari saa hiyo hiyo, namweleza amekula nini, kiasi gani, saa ngapi. Simnyweshi maziwa, wala maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi nayo inaweza kumuua.

Uzito ulishuka taratibu, na daktari ndivyo alivyotaka. Mara ya mwisho mizani ilisoma 28, mbavu zinapapasika, na ngazi za barazani anazipanda kwa mruko mmoja. Daktari amesema tusimshushe zaidi, kwa hiyo tumemrudishia ugali kidogo jioni. Mboga zimebaki, kwa sababu akikosa karoti yake sasa anapiga kelele.