Sepultura: ukitaka kuwaelewa fuata ngoma

Kuna albamu moja inaanza na mapigo ya moyo. Moyo wa mtoto kweli kabisa, yuko bado tumboni kwa mama yake, wakayarekodi mapigo yake halafu juu yake zikaingia drams, kwanza pole pole kama mtu anapiga hodi, zikazidi, zikazidi, gitaa likaingia na hapo ndo basi tena, umeshatekwa. Mtoto anaitwa Zyon, baba yake ni Max Cavalera, mwimbaji na mpiga gitaa, albamu ni Chaos A.D. ya mwaka 1993 ya Sepultura, bendi ya metali (roki nzito) kutoka Brazil. Sijui nimeisikiliza mara ngapi na mpaka leo sekunde zile za mwanzo mwili unanisisimka. Na huyo Zyon alikuja kuwa mpiga drams, akapiga kwenye Soulfly, bendi ya baba yake ya baadaye!

Watu wakiongelea Sepultura wanaongelea sauti ya Max, lile bweko lake, au uzito wa magitaa, sawa sikatai, ila mimi nasema mfuate Igor, mdogo wake Max aliyekaa nyuma kwenye drams, kila hii bendi ilipobadilika ni ngoma ndo zilitangulia kubadilika, wengine wakafuata.

Walianza 1984 Belo Horizonte, Brazil, ndugu wawili waliofiwa na baba wakiwa bado wadogo, maisha yakawapiga, na nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, utawala uliokuja kuisha mwaka uliofuata. Jina Max alilipata akitafsiri mashairi ya Motörhead, bendi ya Uingereza, kwenda Kireno, sepultura ni kaburi. Rekodi ya kwanza 1985 waligawana na bendi nyingine ya hapo hapo mjini, Overdose, upande huu wao upande ule wenzao, ikatolewa na Cogumelo, duka la sahani za muziki lililogeuka lebo. Mwaka uliofuata Morbid Visions. Jamani ile albamu ni mbichi! Magitaa hayajatyuniwa vizuri, Kiingereza cha kuungaunga, na Igor anakimbia tu mwanzo mwisho kama anafukuzwa. Naipenda hivyo hivyo ilivyo.

1987 akaingia Andreas Kisser kwenye gitaa na hapo muziki ukapata akili. Schizophrenia, halafu Beneath the Remains 1989 ambapo lebo ya Roadrunner ilimtuma produsa Scott Burns kutoka Florida mpaka Rio de Janeiro kuwarekodi, halafu Arise 1991 wakaenda wao kwa Burns, Tampa, studio za Morrisound. Ni thrashi, yani metali ya kasi, ya hali ya juu, kali, safi, na wangeweza kubaki hapo hapo miaka ishirini wakala matunda. Hawakubaki.

Chaos A.D. wakapunguza mwendo. Inasikika kama jambo dogo ila kwa bendi iliyojijengea jina kwa spidi ule ulikuwa uamuzi mkubwa sana. Igor akaacha kukimbia akaanza kuicheza ile midundo aliyokua nayo, ya samba na ngoma za mtaani Brazil, rifu za gitaa, vile vipande vinavyojirudia, zikawa fupi na nzito ili kuipisha ngoma ipumue. Mashairi nayo yakarudi nyumbani, humo kuna habari ya gereza la Carandiru, São Paulo, walikouawa wafungwa 111 mwaka 1992. Na kuna wimbo hauna hata neno moja, gitaa kavu na ngoma tu, waliurekodi kwenye magofu ya ngome ya Chepstow kule Wales, kwa ajili ya Wakaiowá, wenyeji wa Brazil waliokuwa wakipokonywa ardhi yao.

Halafu 1996, Roots. Hapa naomba nichukue muda wangu. Walienda Mato Grosso, Brazil, kwenye kijiji cha Waxavante, wenyeji wa huko, wakakaa nao, wakaimba nao, wakarekodi nao pale pale kijijini, alafu kule studio Malibu na produsa Ross Robinson akaja Carlinhos Brown, fundi wa ngoma kutoka Bahia, na vyombo vyake. Magitaa yakashushwa chini mpaka yananguruma, Max mwenyewe anapigia nyuzi nne tu sio sita. Wapo mashabiki wa zamani hawajawasamehe mpaka leo, wanasema walifuata upepo wa Korn, bendi ya metali ya Marekani, na ni kweli sauti ya wakati ule imo, Jonathan Davis, mwimbaji wa Korn, mwenyewe kaimba humo. Lakini sikiliza vizuri ngoma zilikokaa. Kwenye metali nyingi ngoma inasindikiza gitaa, kwenye Roots gitaa ndo linaisindikiza ngoma, yani gitaa lenyewe limegeuka ngoma, na hilo hawakulikopa kwa Korn wala kwa yeyote.

Mwaka huo huo yakaharibika. Agosti mtoto wa kambo wa Max akafariki kwenye ajali ya gari, msiba juu ya ugomvi wa umeneja, maana meneja alikuwa Gloria, mke wa Max, na wenzake hawakutaka kuendelea naye. Shoo ya mwisho pamoja ilikuwa London, Brixton Academy, Disemba 1996. Max akaondoka akaanzisha Soulfly, Igor akabaki, na ndugu hao wakakaa karibu miaka kumi hawasemeshani. Hiyo inaniuma kuliko kitu kingine chochote kwenye hadithi hii.

Akaja kuimba Derrick Green kutoka Cleveland, Marekani, na watu wamemuonea sana huyu jamaa. Against ya 1998 iko na Kodō ndani, wale wapiga ngoma wa Japani, kwahiyo hata bila Max bado walikuwa wanazifuata ngoma. Igor akaondoka 2006. Green amekaa kwenye maiki miaka mingi kuliko Max, na kama hujasikiliza Machine Messiah ya 2017 na Quadra ya 2020 usiniambie Sepultura ilikufa 1996, kwenye zile albamu Eloy Casagrande anapiga drams mpaka unajiuliza mikono mingine kaitoa wapi. Mwisho wa 2023 wakatangaza ziara ya kuaga, miaka 40, na kabla haijaanza Casagrande akaenda Slipknot, bendi ya Marekani, nafasi yake akachukua Greyson Nekrutman.

Max na Igor walishapatana. 2023 walirekodi upya zile kazi zao mbili za kwanza, safari hii magitaa yametyuniwa, sauti nzito, kila kitu kinasikika. Nimezisikiliza zote, ya zamani na mpya, moja baada ya nyingine, usiku na hedifoni. Mpya ni nzuri kweli. Ila Igor wa 1986, yule kijana anayekimbia kama anafukuzwa, ndo niliyemrudia, nikairudia tena ile albamu mbichi toka mwanzo.