Kilomita 113 kwa Saa ya Bahari

Baiskeli yangu iliondoka Tanga nzima, ikafika Likoni mgonjwa. Kule Horohoro mpakani, tulipoteremka kugonga pasi, utingo wa basi aliirushia gunia la vitunguu ndani ya buti. Nilipolalamika akanitazama kama mtu aliyeambiwa jiwe limevunjika. "Baiskeli ni chuma, kaka." Sikuendelea. Kwetu Tanga kila nyumba ina baiskeli, na nusu yake zimebeba magunia mazito kuliko lile, tena miaka nenda rudi.

Lakini hii haikuwa ya kubebea magunia. Nilikuwa naipeleka Mombasa kushindana triathloni: unaogelea kilomita 1.9, unapanda baiskeli 90, kisha unakimbia 21.1. Jumla 113, bila kupumzika katikati, na saa inahesabu hata ukiwa unavaa viatu. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nina miaka 41, na kitambi nilikimaliza mwaka juzi tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa daftari: kasi ngapi, maji kiasi gani, dakika ngapi kila kilomita. Ilikuwa daftari safi sana.

Kwenye feri ya Likoni nilisimama na baiskeli begani, maana gurudumu la nyuma lilikuwa linagonga. Mama mmoja mwenye kapu la samaki aliniuliza kama naiuza.

Shangazi yangu ameolewa Kisauni. Kabla sijamaliza shikamoo alishaniuliza mbona nimekonda, nani ananitesa. Nikamweleza ninachokwenda kufanya Jumapili. Akakaa kimya kidogo, akauliza, "Na wakulipa?" Nikasema mimi ndiye niliyelipa. Akamwita mumewe atoke nje asikie.

Mumewe ni mvuvi aliyestaafu, wote twamwita Nahodha. Yeye alitaka kujua jambo hili lilianzia wapi. Nikamsimulia Hawaii: mwanajeshi wa majini wa Marekani, John Collins, alisikia watu wakibishana nani mwenye pumzi zaidi, mwogeleaji, mkimbiaji au mpanda baiskeli, akasema ziunganishwe mbio tatu za kisiwani kwao ziwe moja. Mwaka 1978 walianza 15, wakamaliza 12. Gordon Haller alishinda kwa saa 11 dakika 46 na sekunde 58. Aliyekuwa akiongoza, John Dunbar, aliishiwa na maji kwenye mbio za miguu, wasaidizi wake wakampa bia.

"Astaghfirullah," shangazi akasema, akaenda kuangalia mbaazi zake jikoni.

Nahodha hakujali bia. "Mwaingia majini saa ngapi?"

"Saa 12 asubuhi."

Akatazama juu. Mwezi ulikuwa umeanza kumegeka upande mmoja. "Siku hiyo maji yajaa saa 12. Waliopanga wana akili. Basi msichelewe."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Asubuhi yake nilipeleka baiskeli kwa fundi mmoja Kongowea, kibanda cha mabati karibu na soko. Kile kijisikio cha fremu kinachoshika gia za nyuma kilikuwa kimepinda kuelekea spoku. Mjini kuna vifaa vya kazi hiyo vya bei ya kutisha. Fundi huyu alifungua gia, akachukua ekseli ya gurudumu kuukuu likiwa bado na rimu yake, akaisokota kwenye tundu la kile kijisikio mpaka ikashika. Ikawa kama baiskeli imeotesha gurudumu la tatu. Akachuchumaa nyuma, akafumba jicho moja, akavuta rimu ile taratibu, akaachia, akatazama, akavuta tena kidogo, mpaka magurudumu mawili yakalingana. Shilingi 200 za Kenya. Gia hazijawahi kuingia laini vile tangu niinunue.

Jumapili tulikusanyika ufuo wa Bamburi, pale watu wanapoita Pirates, hatukufika 30. Shangazi alikuwa ameniamsha saa 10 usiku kwa mahamri na mbaazi. Mahamri nilikula, mbaazi nikaziogopa, na jambo hilo bado halijasamehewa. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ukingo wa mchanga mkavu, yametulia, ya vuguvugu. Huko Ulaya wanaogelea na suti za mpira kwa baridi. Hapa maji ni nyuzi 28 hivi, ukivaa hiyo utajichemsha mwenyewe.

Saa 12 ikafika. Injini ya boti ya waokoaji ikakataa kuwaka. Bila boti hakuna kuanza, na hilo ni sawa kabisa, silalamiki. Walivuta kamba, wakabadilisha plagi, wakavuta tena. Ilipoitika ilikuwa saa 12:50.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda vizuri: unafuata ufuo, mwamba uko mbali upande wa bahari kuu, unageuka kwenye boya la rangi ya machungwa, unarudi. Wa pili ndipo nikaona kitu. Niliinua kichwa kutafuta boya, nikalikuta kushoto wakati nilikuwa nimelilenga mbele. Nikajirekebisha. Nikapiga mikono ishirini, nikainua tena: kushoto. Chini yangu majani ya bahari yalikuwa yamelala yote upande mmoja, yakielekea kwenye mlango wa mwamba, kama nywele zilizochanwa. Maji yalikuwa yanatoka, na mimi nilikuwa naondoka nayo.

Nahodha alinieleza baadaye. Maji hayapungui kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanatoka kidogo, ya pili yanaongeza, ya tatu na ya nne ndiyo yanakwenda kwa nguvu, kisha yanapoa mpaka kupwa. Tungeingia kwa wakati tungemaliza katika ile saa ya uvivu. Daftari langu halikuwa na ukurasa wa jambo hili. Ilinibidi nilenge mnazi mmoja ulioinama nchi kavu, mbali kushoto kwa boya, ndipo nikalipata. Nilitoka dakika 50 baada ya kuanza, nimekunywa bahari ya kutosha.

Baiskeli ni barabara ya Malindi, ambayo haikufungwa kwa ajili yetu na wala hatukutarajia. Mtwapa ni matatu, tuktuk na bodaboda zinazoibuka popote; ukivuka hori na kumaliza msongamano wa soko, barabara inafunguka. Januari ni kaskazi, upepo uleule uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na ukienda Kilifi unakupiga usoni. Kujificha mgongoni kwa mwenzako hairuhusiwi. Nilijikunja, nikahesabu vibao. Mashamba ya mkonge ya Vipingo yalinipa faraja ya ajabu. Mistari ileile ya kwetu Korogwe, mmea uleule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893. Kwa dakika kumi nilijiona niko nyumbani.

Tuligeukia Mnarani, kabla ya daraja la Kilifi. Nikajua sasa upepo uko mgongoni, shida zimekwisha.

Ndiyo kwanza zikaanza. Upepo ukikusukuma kwa kasi inayokaribia yako, unakuwa umekaa ndani ya hewa iliyosimama. Kasi ilipanda hadi 34, lakini jasho halikukauka, likawa linatiririka hadi kwenye viatu. Nikanywa maji. Nikanywa tena. Nilipofika Kikambala nilikuwa nimemaliza chupa ya tano, maji matupu, na kichwa kikaanza kuwa kizito. Nilijaribu kuzungusha pete ya ndoa, tabia yangu nikiwaza, ikagoma. Vidole vilikuwa vimevimba. Jasho linaondoka na chumvi. Ukirudisha maji peke yake, unazidi kuizimua damu. Hilo nilikuwa nimelisoma, nikaliandika hata kwenye daftari, na vidonge vya chumvi vilikuwa Kisauni, mezani, pembeni ya zile mbaazi.

Saa 5 na dakika kadhaa nikaanza kukimbia. Na hapo bahari ikanishangaza mara ya pili. Njia ya mbio, mizunguko mitatu ya kilomita saba, ilikuwa inakwenda kwa ufuo na kurudi kwa lami nyuma ya mahoteli. Asubuhi pale palikuwa maji. Sasa palikuwa uwanja wa mchanga uliokaza, tambarare, unyevu, miguu haizami. Maji yaliyokuwa yananivuta ndiyo yaliyonitandikia barabara.

Kukimbia Pirates Jumapili mchana ni kukimbia katikati ya harusi ya watu usiowajua. Watoto na maboya ya tairi, ngamia, mpira wa miguu, wapiga picha. "Kocha, wenzako washapita!" Mzunguko wa kwanza nilitembea nusu, tumbo linapanda na kushuka. Wa pili, nikiwa nimesimama mikono magotini, msichana wa miaka kama kumi na miwili mwenye beseni la maembe alinitazama, akachagua embe bichi, akalichana, akalimiminia chumvi na pilipili mpaka likawa jekundu. Nikamwambia sina pesa, nguo zangu hazina mfuko. Akasema, "Kula. Utalipa ukirudi."

Ule ukali, ile chumvi, mate yalinijaa mpaka yakauma kwenye mataya. Nilikula lote. Baada ya kilomita mbili hivi kichwa kilifunguka. Mzunguko wa tatu nilipopita nikaomba la pili kwa mkopo; adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshatoka, na nilikuwa nakimbia, si haraka, lakini nakimbia. Nilimaliza saa 7:40 mchana, baada ya saa 6 na dakika 50. Nilikuwa wa 19.

Kabla ya kulala chini nilimtafuta binamu yangu, nikakopa shilingi 100, nikarudi kwa yule binti. Alikuwa amenisahau. Ilibidi nimkumbushe deni.

Jioni shangazi alinikanda miguu kwa mafuta ya nazi huku akisema mambo ambayo siwezi kuyaandika. Nahodha alikuja akaketi kwenye mkeka, hakuuliza nafasi wala medali.

"Mlitoka majini saa ngapi?"

"Saa 2 kasoro dakika 20."

Akatikisa kichwa polepole. "Hapo maji yashachanganya," akasema, akavuta sahani ya mbaazi iliyokuwa imebaki.