Siku moja kwenye upasuaji wa shingo: nesi wa chumba cha upasuaji anafanya nini hasa

Watu wengi hudhani kazi yetu ni kumpa daktari mkasi. Nimeandika siku hii kwa ajili yao, na kwa ajili ya ndugu wa wagonjwa wanaotukuta koridoni wakiwa na maswali.

Saa 11 alfajiri. Mwendokasi kutoka Kimara. Ukichelewa kidogo unasimama mpaka mjini, na siku nzima ni ya kusimama.

Saa 1 asubuhi. Mgonjwa wa kwanza ni mama mwenye diski (mto laini wa kati ya pingili) iliyotoka kati ya pingili ya 5 na ya 6 za shingo. Imebana mshipa wa fahamu, na ganzi inashuka mpaka kidole gumba. Atapasuliwa kupitia mbele ya shingo, diski itolewe, na pingili hizo mbili ziunganishwe kwa mfupa. Nahesabu gozi, sindano na visu pamoja na mwenzangu, kwa sauti, na tunaandika ubaoni. Nakagua drili, mashine ya kufyonza, keji (vikopo vidogo vinavyojazwa mfupa na kuwekwa mahali pa diski) za urefu wa milimita 6, 7 na 8, pleti na skrubu zake. Skrubu ya ukubwa mmoja ikikosekana, ni bora ijulikane sasa kuliko shingo ikiwa wazi.

Saa 2. Hapa ndipo asubuhi ilipoliwa. Kaka wa mgonjwa alinisubiri mlangoni, simu mkononi. Shemeji yake aliyeko Marekani amemwambia kuna protini ya kuotesha mfupa, kwa hiyo hakuna haja ya kumchuna dada yake mfupa wa nyonga.

"Sista, sisi hatushindwi kulipa. Mbona mnatuficha dawa nzuri?"

Nikamwambia, kaka, shemeji hajakudanganya, ipo. Huitwa BMP. Daktari wa mifupa wa Marekani, Marshall Urist, aliieleza nguvu ya mfupa kuotesha mfupa mwaka 1965, na aina ya BMP-2 iliyotengenezwa maabara ilikubaliwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2002. Lakini ilikubaliwa kwa kiuno, kwa kuingilia tumboni, ikiwa ndani ya keji yake. Shingo haikuwemo.

Hakutosheka. Mfupa si ni mfupa?

Mfupa ni uleule, nafasi ndiyo tofauti. Protini huja ikiwa unga. Unachanganywa na maji safi ya sindano mpaka miligramu 1.5 kwa kila mililita, kisha unamiminwa kwenye sponji ya kolajeni na kuachwa dakika zisizopungua 15 ili ishike. Ikishawekwa mwilini huita seli na mishipa mipya ya damu, na mwito huo huja na uvimbe. Sponji ikikandamizwa, dawa huchuruzika pembeni. Kiunoni uvimbe una pa kwenda. Mbele ya shingo kuna koo la hewa, umio na mishipa mikubwa, vyote vimebanana kama abiria wa daladala ya jioni. Ukivimba hapo, kinachobanwa ni pumzi.

Tarehe 1 Julai 2008 FDA ilitoa tahadhari: katika miaka 4 ilikuwa imepokea taarifa zisizopungua 38 za madhara kwa waliowekewa protini hizi shingoni. Walishindwa kumeza, kupumua au kuongea. Wengine waliwekewa mpira wa kupumulia, wengine walitobolewa koo, wengine walirudishwa kwenye upasuaji. Na mengi yalianza kati ya siku ya 2 na ya 14, ambapo mgonjwa huenda ameshafika nyumbani.

"Kwa hiyo nyonga lazima imuume?" Swali zuri. Maumivu ya nyonga ni ya kweli, na ndiyo yaliyofanya wengi waipende protini hiyo. Lakini kwa pingili mbili, kipande cha nyonga au unga wa mfupa uliochongwa palepale ukijazwa kwenye keji hushika vizuri kwa wagonjwa wengi. Maumivu ya nyonga tunayatibu. Koo lililoziba halisubiri.

Alinyamaza, akasema asante. Tumechelewa kuanza, na daktari wa usingizi ananitazama.

Baadaye. Diski imetoka, keji imeingia, eksirei imethibitisha, hesabu ya gozi imetimia.

Mchana, chumba cha kuzindukia. Miguu inawaka, ila hapa ndipo macho yanapotakiwa zaidi. Kichwa cha kitanda kimeinuliwa nyuzi 30. Kila nikipita namwambia ataje jina lake, nisikie sauti. Abane vidole vyangu. Ameze funda la maji akishazinduka vizuri. Kola ya kushikilia shingo naifungua kidogo nione shingo yenyewe, kwa sababu uvimbe hujificha chini yake. Damu ikivujia ndani, mara nyingi ni ndani ya saa 24 za kwanza: shingo inakuwa ngumu, mgonjwa anahangaika na kutaka kukaa, sauti inabadilika. Kipimo cha oksijeni huweza kusoma vizuri mpaka dakika za mwisho, kwa hiyo usikitegemee peke yake. Aitwe daktari mara moja, jeraha lifunguliwe palepale kitandani, kuanzia nyuzi za ngozi mpaka za ndani.

Jioni yule kaka amerudi na uji. Nimemwonyesha dalili za kuangalia nyumbani kwa wiki mbili: kukabwa wakati wa kumeza, sauti kukwaruza kuliko jana, kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Ikitokea mojawapo, ni mapokezi ya dharura usiku huohuo, asingoje tarehe ya kliniki.

Ripoti ya zamu ya usiku nimeiandika: mzingo wa shingo upimwe kila saa, mashine ya kufyonza imejaribiwa, seti ya kukatia nyuzi na ya kutobolea koo ziko kwenye meza ya kitanda, zisihamishwe.