Kwa Nini Heathcliff na Catherine Hawakunigusa

Nimemaliza kusoma Wuthering Heights, riwaya pekee ya Emily Brontë, iliyochapishwa mwaka 1847, mwaka mmoja kabla ya mwandishi huyo kufariki akiwa na umri wa miaka 30, na moyo wangu haukushikana na wapenzi wake wakuu, Heathcliff na Catherine, kama nilivyotamani. Wasomaji wengi walioshindwa kuwapenda wawili hawa hulaumu ukatili wao, na ukatili kweli upo: Heathcliff anamwoa Isabella, dada wa mume wa Catherine, ili kulipiza kisasi, na usiku wa kutoroka naye anamtundika mbwa wa binti huyo kwa kitambaa. Lakini ukatili peke yake haujawahi kunitenga na mhusika, kwa kuwa wapo wauaji wa riwayani niliowalilia.

Kinachonitenga nao ni kwamba mapenzi yao siyaoni, bali nasimuliwa. Habari karibu zote zinatoka kinywani mwa Nelly Dean, mtumishi wa nyumba, anayemhadithia mpangaji aitwaye Lockwood, na Nelly mwenyewe anakiri kwamba yeye hakumpenda Catherine alipokwisha kuvuka utoto. Hata maneno mashuhuri ya Catherine, kwamba yeye na Heathcliff ni nafsi moja, anaambiwa Nelly jikoni. Heathcliff, aliyekuwa amejibanza karibu, ameshaondoka baada ya kusikia kwamba kuolewa naye kungemshusha Catherine hadhi, na hatarudi hadi miaka mitatu ipite. Ninaukubali ustadi wa mpangilio huo, maana msiba wote wa kitabu unazaliwa hapo. Ila ungamo kuu la mapenzi linapokelewa na mtu anayeliona upuuzi, nami msomaji nabaki nimesimama mlangoni.

Mahali pamoja tu nilihisi nimekaribishwa ndani. Mwanzoni Lockwood anakuta vitabu vya zamani ambavyo Catherine, angali mtoto, ameandika kumbukumbu zake katika nafasi zilizoachwa wazi. Anaeleza Jumapili ya mvua, kaka yake Hindley akiota moto na mkewe, huku watoto wakilazimishwa kumsikiliza mtumishi mzee Joseph akihubiri kwa saa tatu kwenye baridi ya darini. Baadaye Heathcliff anatoa shauri kwamba wachukue joho la mwanamke wa maziwa, wajifunike wote wawili, wakakimbie nyikani. Basi, ni hayo tu, lakini nilisita kusoma nikawaona: watoto wawili waliodhulumiwa, chini ya nguo moja, wakiukimbilia uhuru mvuani. Laiti Brontë angetupa kurasa 20 za namna hiyo, ningewafuata wawili hao hadi kaburini.

Ajabu ni kwamba nilichokikosa kwao nilikipata kwa kizazi cha pili. Hareton, mwana wa Hindley, amenyimwa elimu na Heathcliff kwa makusudi. Anapojaribu kujifundisha kusoma, Cathy, binti wa Catherine, anamcheka, naye kwa uchungu anavitupa vitabu motoni. Kisha Cathy anajuta, anafunga kitabu kizuri kwa karatasi nyeupe na utepe, na kumtumia Hareton pamoja na ahadi kwamba akikipokea atamfundisha kukisoma. Hawa nawaona wakikosana, wakisitasita, wakisogeleana polepole juu ya ukurasa mmoja, na hakuna anayehitaji kunihakikishia kwamba wanapendana.

Muda mfupi baadaye wanang'oa vichaka vya matunda vya Joseph ili wapande maua, na mzee anapeleka mashtaka kwa Heathcliff, ambaye nyumba nzima inamwogopa. Hareton anasema ni yeye aliyeving'oa na kwamba atavipanda tena. Cathy hakubali abebe lawama hiyo peke yake, anasema kosa ni lake, kwani ndiye aliyemwomba afanye hivyo. Majibu hayo mawili mafupi, mbele ya mtu wa kuogofya kiasi kile, yalinigusa kuliko maneno yote makubwa yaliyotangulia.