Nilivyojifunza kufuma na kusokota uzi wa kondoo nikiwa kibandani Uyole

Nianze na hili maana ndo swali la kwanza la kila mtu: ndio, mimi ni mwanaume na ndio, nafuma sweta. Nina kibanda cha kuweka na kutoa hela hapa Uyole, Mbeya, na anayeijua Uyole mwezi wa sita na wa saba haitaji kuambiwa kuhusu baridi. Wateja wanakuja asubuhi na jioni, mchana unakaa tu umejikunyata unachezea simu mpaka chaji inaisha. Jirani yangu ni mama anayefuma sweta za wanafunzi kwa mashine, siku hiyo nikamwambia shikamoo mama, na mimi nifundishe. Akacheka weee, akasema mwanangu mashine yangu hugusi, ila kama ni kwa mkono vuta kigoda ukae.

Sindano nilijitengenezea kwa spoku za baiskeli. Unakata kichwa, unasugua ncha kwenye sakafu ya saruji mpaka ipungue ukali, isipasue uzi wala isikutoboe kidole. Tatizo la spoku ni nyembamba, kama milimita 2 hivi, uzi mnene hauendi, kwahiyo za uzi mnene nilichonga mianzi nikapiga msasa mpaka ikateleza.

Mama alinianzishia vitanzi ishirini akaniambia endelea. Kufuma kwenyewe ni mambo mawili tu jamani, kitanzi cha kuvutia mbele na kitanzi cha kuvutia nyuma, mengine yote unayoyaona kwenye sweta, mistari, misuko, mbavu za kiunoni, ni hayo mawili yanabadilishana zamu. Kilichonichukua muda ni mkono, nilikuwa nakaza uzi mpaka sindano haipiti, yule mama akawa ananiambia "we baba, hiyo siyo shingo ya kuku, achia". Akanifundisha pia kupima kabla ya kuanza, na hapa ndo wengi wanaruka: fuma kipande cha sentimita 10, hesabu vitanzi. Ukikuta 20 na unataka sweta yenye mzunguko wa sentimita 100 kifuani, basi ni vitanzi 200, mia mbele mia nyuma. Hesabu ya darasa la tatu lakini inaokoa sweta nzima.

Sasa tuje kwenye uzi, maana shida yangu ilikuwa hapo. Uzi wa madukani mwingi ni akriliki, yaani plastiki. Rangi nzuri, bei nzuri, ila ukinyeshewa nao umeumia, na ukikaa nao karibu na jiko la mkaa cheche moja tu inayeyusha tundu. Sufu ya kondoo ni kitu kingine, inaweza kunywa maji mpaka kama asilimia 30 ya uzito wake na bado husikii umelowa, na moto haiushiki kirahisi. Lakini uzi wa sufu unaupata wapi Mbeya?

Mitumba! Niliupata kwenye mitumba, Mwanjelwa na Sido kuna sweta za ulaya zimejaa na nyingine ni sufu tupu. Zile zenye tundu kwenye kiwiko hakuna anayezitaka, wanakuuzia bei ya kutupa. Lebo ikiwa imekatwa unavuta uzi kidogo pindoni unauchoma na kiberiti: ukinuka nywele zilizoungua na majivu yanasagika kwa vidole hiyo ni sufu, ukiyeyuka ukaacha kidonge cheusi kigumu hiyo ni plastiki rudisha. (Omba ruhusa kwa muuzaji kwanza, wengine wakiona kiberiti karibu na belo lao wanapanda presha.) Halafu geuza sweta uangalie mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki achana nayo, kila mstari umeshakatwa utaambulia vipande vifupi vifupi. Unatafuta ile ambayo kila kipande kilifumwa na kingo zake kikashonwa tu, ukifumua mshono unabaki na mgongo, kifua na mikono, kila kimoja uzi mrefu. Unaanza kuvuta kutoka juu, shingoni, kwa sababu nyingi zimefumwa kutoka chini kwenda juu na uzi unafumuka kutokea pale ulipoishia.

Uzi ukitoka unakuwa umejikunja kunja kama tambi za pakiti. Usiufume hivyo. Zungushia kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne usije ukachanganyikana, loweka maji ya vuguvugu, halafu tundika na kitu chepesi chini yake. Ukikauka umenyooka. Sweta yangu ya kwanza ya maana imetoka hivyo, ya kijivu, na kofia mbili juu yake.

Ningeishia hapo ila kuna mzee wa Makete, baba yake rafiki yangu, ana kondoo wachache wa manyoya marefu. Kondoo wengi wa huku kwetu wana nywele fupi ngumu, zile hazisokoteki hata ufanyeje, lakini wa yule mzee wana sufu kabisa, akinyoa alikuwa anatupa tu. Nikamuomba, akanijazia kiroba. Aisee ile harufu, na yale ya konda niliyoyakuta kwenye basi tuachane nayo.

Kuosha ndo kazi yenye akili. Manyoya yana mafuta yake, hayatoki kwa maji ya baridi, maji yawe ya moto, sabuni ya maji, lakini USIFIKICHE. Joto na kufikicha kwa pamoja vinafanya sufu ishikane iwe kama zulia na hapo haifumuki tena milele. Mimi nayatia kwenye mfuko wa nyavu wa vitunguu, nazamisha, naacha, natoa taratibu, narudia na maji mengine ya joto lile lile mpaka yatoke safi. Nakausha kivulini, nachambua kwa brashi mbili za mbwa zile za meno ya waya, yote yalale upande mmoja.

Kijiti cha kusokotea nimetengeneza kwa mwanzi, kwa chini nimepachika sidii mbili za zamani zimebanwa na raba ya tyubu ya baiskeli, juu kindoano cha spoku. Unaunga manyoya kidogo, unazungusha kijiti, kinaning'inia kinajisokota huku vidole vya juu vinaachia manyoya kidogo kidogo. Siri yote iko kwenye vidole vya juu: msokoto ukipenya kwenye fungu la manyoya umekwisha, utapata bonge. Ukiwa na nyuzi mbili unazisokota pamoja kwa kuzungusha upande wa kinyume, hapo zinashikana na hazijikunji tena.

Vijana wa stendi walinicheka mpaka siku moja mzee abiria wa Sumbawanga akasimama kuangalia, akawaambia vijana kwao Ufipa zamani wanaume ndo walikuwa wanafuma nguo za pamba, maseketa, kwa uzi wa kusokotwa kwa mkono hivi hivi. Wakanyamaza. Pamba ningependa kuijaribu ila huku nyanda za juu kusini ilipigwa marufuku kulimwa, kuzuia funza mwekundu anayekula pamba, wa nchi jirani, asisambae mpaka kanda ya ziwa, na nyuzi zake ni fupi, kwa kijiti changu kizito zinakatika tu.

Rangi je? Zimejaa jalalani. Kokwa na maganda ya parachichi, chemsha kwa moto mdogo, unapata waridi iliyofifia, watu hawaamini maana parachichi lenyewe ni la kijani. Maganda ya vitunguu ukitanguliza kulowesha uzi kwenye maji ya shabu yanatoa njano mpaka chungwa. Magome ya miwati, hayo hayo ambayo kampuni ya Njombe iliyoanzishwa 1949 inayakamulia tanini, dawa ya kutengenezea ngozi, yanatoa kahawia, na ukidumbukiza misumari yenye kutu inageuka kijivu cheusi. Hiyo ya mwisho ndo madereva wa malori ya Tunduma wanaipenda kwenye kofia, haionyeshi vumbi.

Kwa sasa nafuma soksi na kofia za oda, sweta sipokei, inakula muda na mteja anataka bei ya mtumba. Mama wa mashine naye kaja juzi anataka jozi ya soksi za sufu, anasema miguu inamuuma na baridi, nimemwambia mama, jozi yako ndo ya kwanza ila vumilia kidogo, mzee wa Makete hanyoi mpaka baridi iishe mwezi wa tisa.