Siku moja maishani mwangu: kuvusha jeti ndogo juu ya Atlantiki ya Kaskazini

Saa zote humu ni za UTC, yaani saa moja ya dunia nzima, kwa sababu ndizo tunazofanyia kazi. Usijaribu kuzigeuza kichwani, utachanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mimi mwaka wangu wa kwanza.

0830

Simu inalia. Niko Goose Bay, Labrador, mashariki ya Kanada. Ni Juni na jua limeshatoka. Kazi ya leo ni kuivusha Citation CJ3 hadi Keflavik, Iceland, kama maili 1,300 za baharini, tulale huko, kesho tuimalizie safari Ulaya. Hakuna abiria, ni mimi na rubani msaidizi ambaye hajawahi kuvuka bahari hii. Nakunywa chai nusu kikombe. Sababu mtaiona mbele.

0900

Siku yangu huamuliwa hapa mezani, si angani.

Njia iliyonyooka kutoka Goose Bay hadi Keflavik inapita jirani kabisa na Rasi Farewell, ncha ya kusini ya Greenland. Kaskazini kidogo ya hapo, ndani kabisa ya ghuba nyembamba iliyobanwa na milima, kuna kiwanja cha Narsarsuaq. Kina njia moja tu ya kurukia, meta 1,830 hivi, iliyojengwa na Wamarekani mwaka 1941 wakati wa vita. Kwa jeti kubwa Narsarsuaq ni jina tu kwenye ramani. Kwetu sisi wadogo ndiyo nguzo ya safari nzima.

Watu huniuliza, "Injini moja ikizima juu ya bahari, je?" Ikizima tunashuka taratibu na kuendelea na ile nyingine. Kinachonikosesha usingizi ni hewa ya ndani kuvuja. Hapo huna budi kushuka upesi hadi futi 10,000 ambako mtu anaweza kupumua, na chini huko injini za jeti zinakunywa mafuta bila huruma huku mwendo ukipungua. Kila maili inakula karibu mara mbili ya ilivyokula juu. Tangi zikijaa nina kilo 2,100 na kitu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka natafuta nukta ambayo kurudi na kwenda mbele vinachukua muda uleule, kisha najiuliza: hewa ikivuja papo hapo, mafuta yaliyobaki yatanifikisha wapi? Nukta hiyo haikai katikati. Upepo wa nyuma ukiwa mkali, inasogea kuelekea tulikotoka.

Ripoti ya Narsarsuaq inasema ukungu. Ghuba imejaa.

Msaidizi wangu anapiga hesabu bila Narsarsuaq, naye ana mkono mzuri wa hesabu. "Kapteni, tunafika. Hata tukivujia kwenye nukta yenyewe, tunafika Keflavik tukiwa na mafuta ya kama nusu saa."

Hesabu yake ni sahihi. Nikamuuliza kama ameweka barafu kwenye mabawa, maana futi 10,000 katika latitudo hizi ni ndani ya mawingu yenye baridi. Nikamuuliza pia kama ameweka upepo uliogeuka kinyume na utabiri. Akanyamaza. Nusu saa ya karatasi sipendi kuila juu ya maji ya nyuzijoto nne au tano. Tukakubaliana kusubiri.

Aliyetukodi alipiga simu mara mbili. Anataka ndege yake. Nikamwambia ataipata.

1030

Kusubiri si kukaa. Tunajaza mafuta pamoja na dawa ya kuzuia maji yaliyomo ndani yake yasigande, na mimi husimama palepale kuhakikisha dawa inaingia. Boti la uokozi tunaliweka karibu na mlango, si nyuma ya mabegi. Nimewahi kuona boti limefungwa vizuri kabisa chini ya masanduku sita. Sijui lilikuwa la kumwokoa nani. Suti za kuzuia maji ya baridi tunazivaa hadi kiunoni. Ukivaa hadi shingoni utatoka jasho Atlantiki nzima, na ukiiacha ndani ya begi hutaweza kuivaa ukiwa tayari kwenye matatizo.

Choo kipo, lakini njia yake imezibwa na hilo boti. Sasa mmeelewa habari ya chai.

1135

Ripoti mpya: ukungu umeinuka Narsarsuaq, mawingu yako futi 2,000, unaona zaidi ya kilomita kumi. Twende.

1210

Tunaruka. Sheria za anga hii zinataka ndege zilizo kati ya futi 29,000 na 41,000 ziwe na mitambo ya kutumiana ujumbe wa data na waongozaji. Yetu haina, na kibali cha bila mitambo hiyo ni kusumbuana, hivyo tunapanda hadi 43,000. Huku jeti ndogo tunajidai: wale wenye abiria mia tatu wako chini yetu.

1315

Nyuzi 58 kaskazini, 50 magharibi. Kabla ya kuondoka msaidizi alinisomea kila nukta ya njia yetu kutoka kwenye kompyuta ya ndege, mimi nikifuata kwenye karatasi. Lazima isomwe kutoka kwenye kompyuta, maana makosa mengi ya bahari hii ni ya vidole. Ukibonyeza digrii moja ya latitudo kimakosa umepotea maili 60, na otopailoti itakupeleka huko kwa unyenyekevu mkubwa. Dakika kumi baada ya kila nukta natia alama ya penseli kwenye chati. Vijana hucheka penseli yangu. Penseli haizimiki.

Tunaruka maili moja kulia kwa mstari, kwa makusudi. Zamani ndege zilitawanyika zenyewe kwa sababu vifaa havikuwa sahihi sana. Siku hizi GPS inawaweka wote juu ya uzi mmoja, na mwongozaji akikosea urefu mnakutana uso kwa uso. Basi tunajitawanya wenyewe.

Redio ya HF, ile ya masafa marefu, inanguruma kama mvua juu ya bati. Tulishajaribu SELCAL, kengele inayolia Gander Radio, kituo cha redio cha Kanada, wakituita, kwa hiyo hatulazimiki kuisikiliza muda wote.

1340

Rasi Farewell iko chini yetu. Milima myeusi yenye meno, barafu imekatikakatika baharini kama vipande vya sahani. Sijawahi kupita hapa nikaacha kutazama.

Kila robo saa namuuliza swali lilelile: "Tukipata shida sasa hivi, tunakwenda wapi?" Kwa saa nzima ya kwanza alijibu "Nyuma." Sasa anaonyesha dirisha la kushoto bila kusema neno. Ghuba inaonekana, mabaki ya ukungu yamelala pembeni kama pamba.

1402

Nyuzi 61 kaskazini, 40 magharibi. "Tunakwenda wapi?" Anatazama mafuta, anatazama upepo, anakawia kidogo, na kukawia huko kunanifurahisha. "Mbele, Kapteni."

Baadaye Gander wanatukabidhi kwa upande wa Iceland. Saa inayofuata haina la kusimulia. Maji, mawingu, maji.

1518

Keflavik. Upepo unakata njia kwa pembeni, kama kawaida yake. Msaidizi anatua, gurudumu moja linatangulia, la pili linafuata, sawa tu. Tumebaki na mafuta ya zaidi ya saa moja na nusu. Saa mbili tulizopoteza asubuhi hakuna aliyezitaja.

Injini zinazima. Suti zimetubana, masikio bado yanavuma. Namuuliza kwa mazoea: "Tukipata shida sasa hivi, tunakwenda wapi?"

Ameshafungua mlango, anaruka boti kwa mguu mmoja.

"Chooni, Kapteni."