Viunzi kumi vya Tororo: kumbukumbu ya mradi wangu wa leni ya kwanza

Januari, wiki ya pili

Nilikulia kambi ya polisi Nsambya, Kampala. Nje ya geti watoto walizungumza Kiganda. Sisi wa ndani tulizungumza Kiswahili, maana baba zetu walitoka Arua, Lira, Soroti, Tororo, na lugha ya gwaride ilikuwa moja. Kwa hiyo sifa za John Akii-Bua nilizisikia kwa Kiswahili tangu mdogo. Mzee wangu hakumwita bingwa wala shujaa. Alimwita "afande mwenzetu". Polisi wa kutoka Lango alikwenda Munich, Ujerumani, na tarehe 2 Septemba 1972 akakimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Kabla yake hakuna aliyewahi kushuka chini ya 48. Ndiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki, na ya pili ikachelewa mpaka Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni London, 2012.

Namba hizo nilizijua kama ninavyojua jina langu, ila sikuwahi kuona viunzi kumi vimepangwa mbele yangu. Hata kimoja. Sasa Mzee amestaafu zamani, tunaishi wote hapa Tororo, na nyuma ya nyumba kuna shule ya msingi yenye kiwanja kikubwa. Nimemwomba mwalimu mkuu ruhusa nipime leni moja na kutengeneza viunzi vyote kumi. Amecheka, kisha akakubali kwa sharti kwamba magoli ya mpira yasiguswe.

Jumamosi, kupima

Hesabu yenyewe si ngumu. Uwanja wa kawaida una nyoofu mbili za mita 84.39 na nusu duara mbili. Ukingo wa ndani una nusu kipenyo cha mita 36.5, lakini mbio hupimwa sentimita 30 nje ya ukingo, kwa hiyo duara la kupimia ni la mita 36.8. Jumlisha: 400 kamili. Kwa leni moja unahitaji eneo la kama mita 160 kwa 76, na kiwanja cha shule kinatosha, tukiacha kichuguu kimoja kilichokaa katikati ya kona ya pili kana kwamba kimelipa kodi.

Nilipiga kigingi katikati, nikafunga kamba ya nailoni, kijana mmoja akazunguka na kopo la chokaa. Tulifanya kona zote mbili kabla ya saa tano. Halafu nikapima mzunguko mzima kwa tepu ya mita 50, nikapata 405. Nikarudia. 405 na kitu.

Kosa lilikuwa kamba. Ukiivuta inarefuka, na yule kijana ana nguvu. Ilikuwa imeongezeka sentimita 80 tu, lakini ongeza sentimita 80 kwenye nusu kipenyo na duara zima linaongezeka mita tano. Chokaa mfuko mzima umekwenda bure. Mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe, akasema, "Polisi hawapimi ajali kwa kamba ya kukamulia ng'ombe." Sina hakika kwamba ng'ombe hukamuliwa kwa kamba, lakini sikubishana.

Wiki iliyofuata

Waya wa kufungia nondo haurefuki. Mzunguko sasa ni mita 400 na sentimita 11, nami nimeridhika. Kichuguu kimechukua siku tatu za jembe na sururu. Wanafunzi walikula kumbikumbi, kwa hiyo kuna waliofaidika.

Watu wananiuliza kwa nini leni moja tu. Jibu la kweli ni uvivu: leni ya kwanza haihitaji kusogeza mahali pa kuanzia. Lakini ndiyo hasa aliyokimbia Akii-Bua. Alipewa leni ya kwanza kwenye fainali, na hiyo ndiyo leni ambayo mrukaji viunzi haiombi. Kona yake imebana kuliko zote. Katika leni ya nane unazunguka duara lenye nusu kipenyo cha zaidi ya mita 45. Katika ya kwanza ni hizo 36.8, na inabidi uruke ukiwa umeinamia kushoto. Nilijaribu kuitembelea kona hiyo kwa mwendo wa haraka na nikaona mguu wa kulia unataka kutoka nje wenyewe.

Februari, viunzi

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na kwa aibu.

Kiunzi cha wanaume kwa mita 400 kina kimo cha sentimita 91.4. Upana ni kama mita 1.2. Fundi mbao wa sokoni alinitengenezea vinne vya mkalitusi, vizuri, imara, vimepigwa randa. Uimara ndio uliokuwa tatizo. Nilimwambia atengeneze kitu kama kiti, naye akatengeneza kiti. Kijana wa kidato cha nne aliyekuja kujaribu (nitamwita Mrefu, kwa sababu ndivyo alivyo) aligonga cha pili kwa goti na kiunzi hakikuanguka. Yeye ndiye aliyeanguka. Goti lilivimba kama embe, nami nikaenda kwa mama yake na kilo mbili za sukari kuomba radhi.

Kiunzi halisi hutengenezwa ili kianguke. Miguu yake inaelekea upande anakotokea mkimbiaji, ili ukigonga ubao wa juu kiinamie mbele na kulala. Uzito unawekwa kwenye miguu ili upepo usikiangushe, lakini usizidi. Kiini cha mambo yote ni huo mgawanyo wa uzito. Nilivunja vile vinne nikaanza upya kwa mabomba ya plastiki ya maji, nikajaza mchanga sehemu ya chini tu, nikaziba kwa vizibo na gundi. Juu nikaweka ubao mwembamba, nikaupaka nyeusi na nyeupe. Kupima nilifunga mzani wa sokoni kwenye ubao na kuuvuta taratibu: kinalala kwenye kilo nne hivi. Cha saba kinalala mapema, sijui kwa nini. Nimekiandika namba yake kwa rangi nyekundu ili tukijue.

Mpangilio: mita 45 kutoka mstari wa kuanzia mpaka kiunzi cha kwanza, kisha 35 kila kimoja, na 40 za mwisho ni mbio tupu. Vilipokaa vyote kumi kwa mara ya kwanza nilisimama nyuma ya mstari nikanyamaza kidogo. Mzee akaja na mkongojo wake, akasimama pembeni. Akauliza, "Hivi vyote?" Nikamwambia ndiyo, Mzee. Akasema alifikiri ni vitano.

Machi, hatua

Mita 35 zinaonekana nyingi mpaka uanze kuhesabu hatua. Toa sehemu ya kutua na ya kurukia, zinabaki kama 31 na nusu. Ukitaka kufika kwa hatua 15, kila hatua ni mita 2.1. Kwa 13, ni zaidi ya mita 2.4, nawe umechoka, na uko kwenye kona. Hatua za idadi isiyogawanyika kwa mbili zinakuleta kwenye mguu uleule kila mara. Zikigawanyika, unabadilisha mguu, na wengi wakijaribu hivyo wanapotea. Akii-Bua aliweza kuruka kwa mguu wowote. Zamani nilisoma jambo hilo nikalipita tu. Sasa kila nikimwona Mrefu anasitasita mbele ya kiunzi cha sita, anakanyagakanyaga hatua ndogondogo kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, naelewa lilikuwa na thamani gani.

Mrefu anakwenda kwa 17 mpaka cha tano, kisha 19. Mimi nilijaribu viwili tu na sitaandika hesabu yangu.

Kocha wa Akii-Bua alikuwa Mwingereza, Malcolm Arnold, na ndiye aliyemvuta kutoka viunzi vya mbio fupi kwenda mita 400. Mazoezini Akii-Bua alivaa kizibao chenye uzito na kuruka viunzi vya juu kuliko vya mashindano. Nimemwambia Mrefu habari za kizibao. Ameniangalia tu.

Machi, mvua

Kiwanja ni matope, chokaa imekwenda. Nimebadilisha: naweka mistari kwa jivu na mafuta machafu ya injini, inadumu zaidi kidogo. Kazi hamna, ila wazee wameanza kuja kukaa chini ya mwembe na Mzee, na kiwanja kimegeuka kijiwe.

Mmoja ni shabiki wa mpira, hataki kusikia riadha. Kwake miaka ya sabini ni Cranes, timu ya taifa: makombe ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, ya 1973, 1976 na 1977, halafu Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ghana 1978, walipowatoa Nigeria 2-1 kwenye nusu fainali. Fainali ikawa Accra, tarehe 16 Machi, Ghana wakashinda 2-0, na Opoku Afriyie akafunga yote mawili. Mzee huyo hutaja jina la Opoku Afriyie kama la mtu aliyemkopa pesa. Mwingine ni wa ngumi. Anasema wote tunasahau Ayub Kalule, aliyetwaa ubingwa wa dunia Japani 1979. Wanabishana kwa sauti kubwa, Kiswahili cha kambi kinachanganyika na Kidhopadhola na Ateso, mpaka walimu wanafunga madirisha.

Mzee wangu siku hiyo alikuwa kimya. Baadaye njiani akaniambia kitu ambacho tulipokuwa watoto hakukisema. Kwamba baada ya Munich afande alipandishwa cheo, na watu wakafikiri mambo ndiyo yameanza. Mwaka 1976 Uganda ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini. Mmarekani Edwin Moses akaichukua rekodi pale, na mwenye rekodi hakuwepo. Kisha 1979, vita vilipofika, afande alikimbilia Kenya na familia, akajikuta katika kambi ya wakimbizi, mpaka kampuni ya Puma ilipomsaidia kufika Ujerumani. Nchi ileile alikoshinda.

"Kambi," Mzee akasema. "Sisi wote ni watu wa kambi."

Niliandika haya usiku uleule nisije nikayapoteza. Afande alirudi baadaye, akawa kocha, akafa 1997.

Aprili, Jumapili

Jua. Kiwanja kimekauka vya kutosha. Mrefu amekimbia mzunguko mzima, viunzi vyote kumi, kwa mara ya kwanza. Saa ya simu: sekunde 66.4. Ameangusha cha tatu na cha saba, na cha saba hakihesabiwi.

Nilimwambia mdogo wake akae na saa ya pili, na ifikapo 47.8 apige kelele. Nilikuwa upande wa pili wa kiwanja, na kelele ilipopigwa nikachoma kigingi pale Mrefu alipokuwa. Kigingi kiko hatua nne baada ya kiunzi cha nane. Kutoka pale hadi mstari wa mwisho nimepima mita 102. Yaani Mrefu akiwa pale, Akii-Bua ameshamaliza, na hakusimama: aliendelea kuzunguka uwanja na bendera, akiruka tena viunzi kana kwamba alikuwa bado ana deni navyo.

Mrefu alikuja kukitazama kigingi akihema. Akauliza kama tunaweza kukiacha pale. Nikasema ng'ombe watakikanyaga. Akaenda akaleta jiwe.

Aprili, Jumamosi

65.1. Kiunzi cha saba nimekirekebisha: bomba moja lilikuwa linavuja mchanga. Mama yake Mrefu alikuja kutazama na akakaa mbali na viunzi. Mzee ameomba kiti kihamishwe kutoka chini ya mwembe mpaka kona ya pili, palepale kilipokuwa kichuguu, maana kutoka pale anaona leni yote. Kigingi tumekisogeza mbele mita tano na nusu. Jiwe tumeliacha mahali pake.